Baba anatumia warfarini na ana kinyama cha kukatwa kwenye utumbo mpana: aache dawa au asiache?

"Daktari, shikamoo. Baba yangu ana miaka 68, tunaishi Tabora. Miaka miwili iliyopita alipata kiharusi, upande wa kushoto ukalegea, lakini kwa mazoezi amerudi vizuri na anatembea mwenyewe. Walisema moyo wake unapiga bila mpangilio, akaanzishiwa warfarini miligramu 5 na aspirini ndogo. Hivi karibuni akawa anaona damu kidogo chooni, tukampeleka Mwanza akafanyiwa kipimo cha kamera. Wameona kinyama kimoja chenye shina, milimita 18, na vingine viwili vya milimita 5. Hawakukata, wakasema INR yake ni 3.1, apangiwe siku nyingine. Sasa tumechanganyikiwa. Daktari wa utumbo anasema aache warfarini siku tano. Daktari wa moyo anasema asiache bila kuchomwa sindano za tumboni. Mama mdogo, ambaye ni muuguzi mstaafu, anasema aache wiki mbili kabla na mwezi mzima baadaye, maana damu nyepesi ikianza kutoka utumboni haizuiliki. Baba mwenyewe anasema vinyama viachwe, havimuumi. Tumsikilize nani?"

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuzungushwa. Madaktari wenu wawili hawapingani sana kama mnavyodhani. Mmoja anautazama utumbo, mwingine anautazama moyo, na hakuna aliyewakalisha pamoja. Anayenitia hofu katika habari hii ni mama mdogo, pamoja na nia yake njema. Ushauri wake unaonekana ndio salama kuliko yote, kumbe ndio unaomweka baba karibu zaidi na kiharusi cha pili.

Tuanze na hiyo damu nyepesi. Warfarini haigeuzi damu kuwa maji. Ini ndilo linalotengeneza protini za kugandisha damu, na nne kati ya hizo haziwi kamili bila vitamini K. Warfarini inalizuia ini lisiitumie vitamini hiyo inavyopaswa, hivyo protini zinazotoka zinakuwa butu. Damu bado inaganda, ila inachelewa. INR ni kipimo cha kuchelewa huko: asiyetumia dawa huwa karibu na 1, na mtu wa aina ya baba tunataka awe kati ya 2 na 3. Hiyo 3.1 iko juu kidogo tu ya tunapopataka. Haimaanishi kwamba damu yake imeharibika.

Kwa kuwa kazi yote inapitia kwenye ini, dawa haikomi siku unapoacha kumeza. Inachukua siku kadhaa kuisha mwilini, na protini mpya nazo zinahitaji muda kujaa tena. Hapo ndipo siku tano za daktari wa utumbo zinapotoka. Kwa watu wengi, siku tano zinatosha INR kushuka chini ya 1.5, kiwango ambacho tunakata bila wasiwasi. Ukizifanya kumi na nne, damu haitaganda vizuri kuliko ilivyoganda siku ya tano au ya sita. Siku zote zinazobaki baba atakuwa anatembea bila kinga, na hazimsaidii kitu upande wa utumbo.

Bila kinga maana yake nini hasa? Mwaka 1993 ulichapishwa utafiti mmoja mkubwa wa Ulaya, uliofuatilia watu kama yeye: moyo unaopiga bila mpangilio, na tayari wamewahi kupata kiharusi kidogo au dalili zake zilizopita. Kati ya waliopewa kidonge kisicho na dawa, karibu 12 kwa kila 100 walipata kiharusi kwa mwaka. Waliopewa dawa ya kuzuia kuganda walikuwa 4. Tufanye hesabu ya kukadiria. Siku kumi hivi za kinga pungufu, ukijumlisha siku za kuacha na siku za kusubiri dawa ishike tena, ni hatari ya kama mtu 1 kati ya 300. Wiki sita za mama mdogo ni kama 1 kati ya 70. Ya kwanza tunaikubali kwa sababu kuna kazi ya kufanya. Ya pili sioni inanunua nini.

Kuna jambo la pili ambalo namba hazilionyeshi. Damu ya utumbo mpana tunaweza kuifuata ilipo. Mara nyingi inakoma yenyewe. Isipokoma, tunarudi na kamera ileile, tunaona mshipa unaovuja, tunaubana kwa klipu ya chuma au kuuchoma. INR ikiwa juu kuna vitamini K na kuna plazima, ile sehemu ya majimaji ya damu yenye protini za kugandisha, na aliyepoteza damu nyingi anaongezewa. Sisemi ni jambo dogo, kwa mzee wa miaka 68 mwenye moyo mbovu si dogo hata kidogo. Lakini wengi sana wanatoka hospitali wakiwa wale wale walioingia. Ubongo uliokosa damu ukafa haurudi hivyo, na ninyi nyumbani mmeshaona mazoezi yaliyohitajika mara ya kwanza.

Sasa twende kwenye kukata kwenyewe, kwa sababu vinyama vitatu vya baba si vya aina moja.

Vile viwili vya milimita 5 hukatwa kwa kitanzi cha waya kisicho na umeme. Kitanzi kinavikwa, kinakazwa, kinyama kinatoka. Damu hutoka kidogo palepale, tukiwa tunaangalia, na kwa kawaida inakauka ndani ya dakika chache. Zamani tulivichoma kwa umeme hata hivi vidogo, tukifurahi kuona hakuna hata tone. Tone lilikuwa linakuja nyumbani. Umeme unaacha kidonda kilichoungua kwa kina, juu yake kinajenga kigaga, na kigaga hicho hudondoka baada ya siku kadhaa. Mshipa ulio chini yake ukiwa bado haujafunga, damu inatoka siku ya tano, ya saba, hata ya kumi na nne. Huko Taiwani walilinganisha njia hizi mbili kwa zaidi ya watu 4,000 wenye vinyama vya milimita 4 hadi 10. Waliotokwa na damu baadaye walikuwa asilimia 0.4 kwa kitanzi kikavu na asilimia 1.5 kwa kitanzi cha umeme. Wajapani wakaenda mbali zaidi: wakawakata watu wenye vinyama vidogo huku wakiendelea na dawa zao za kuzuia kuganda, kwa kitanzi kikavu, wakawalinganisha na walioachishwa dawa, wakawekwa kwenye heparini, dawa ya sindano ya kuzuia kuganda, na kukatwa kwa umeme. Damu ya kutisha ilitokea kwa asilimia 4.7 ya kundi la kwanza na asilimia 12 ya kundi la pili. Walioendelea na dawa ndio waliotokwa na damu kidogo.

Kwa hiyo ukiniuliza kama vile viwili vingeweza kukatwa siku ileile, nitasema huenda vingeweza. Ila kwa INR iliyopita 3, na kwa kuwa baba ilikuwa lazima arudi kwa ajili ya kile kikubwa, kuviacha ulikuwa uamuzi wa busara. Nisingemlaumu aliyefanya hivyo. Najua inauma kulipa mara mbili na kunywa ile dawa ya kusafisha tumbo mara mbili.

Kile cha milimita 18 ndicho kilicholeta mjadala huu wote. Kina shina, na ndani ya shina unapita mshipa unaokilisha. Hiki hukatwa kwa umeme, na hapa warfarini inayofanya kazi kamili haifai. Mkataji mzuri hategemei INR peke yake. Anaweza kuchoma adrenalini iliyozimuliwa kwenye shina ili mshipa usinyae, au kulifunga shina kwa kitanzi cha nailoni, au kulibana kwa klipu. Miongozo ya Ulaya inahimiza kinga hiyo kichwa cha kinyama kikifika milimita 20 au shina likiwa na unene wa milimita 10. Baba yuko ukingoni mwa kipimo hicho, na kwa mtu atakayerudi kwenye warfarini jioni ileile mimi nisingengoja hizo milimita mbili. Muulize daktari wa Mwanza kwa adabu, kabla ya siku yenyewe: "Mtalifunga shina? Klipu zipo au tuzinunue?" Mara nyingine klipu huwa zimeisha stoo, na ni afadhali kulijua hilo wiki moja kabla kuliko mzee akiwa kitandani tumbo tupu.

Turudi kwa daktari wa moyo na sindano zake. Anazungumzia heparini ya kuchoma chini ya ngozi ya tumbo, inayoingia na kutoka haraka, ili izibe pengo la siku ambazo warfarini haipo. Kwa miaka mingi tuliwapa karibu wote. Mwaka 2015 utafiti wa Marekani na Kanada ulioitwa BRIDGE ukatusimamisha. Watu 1,884 wenye moyo usio na mpangilio waliachishwa warfarini kwa ajili ya upasuaji au vipimo, nusu wakachomwa heparini, nusu wakachomwa maji yasiyo na dawa. Vipande vya damu vilivyoganda na kuziba mishipa vilitokea kwa asilimia 0.3 ya waliopewa heparini na asilimia 0.4 ya wasiopewa, yaani ni sawa tu. Lakini kutokwa na damu nyingi kulikuwa asilimia 3.2 kwa asilimia 1.3. Sindano hazikuongeza kinga, ziliongeza damu.

Basi daktari wa moyo amekosea? Hapana, bado. Utafiti ule haukuwachukua wenye valvu za chuma, yaani milango bandia ya moyo, wala waliopata kiharusi ndani ya wiki 12 zilizotangulia. Na sisi huku tuna jambo ambalo kwa wenzetu limekuwa adimu: valvu za moyo zilizokakamaa kutokana na homa ya baridi yabisi ya utotoni. Mtu ambaye moyo wake unapiga ovyo na valvu yake ya kushoto, ile iitwayo mitrali, imekuwa nyembamba, huyo hutengeneza mabonge ya damu kwa kasi nyingine kabisa. Huyo sindano anazihitaji. Mwenye valvu ya chuma mahali hapo naye anazihitaji.

Kwenye barua yako hukusema valvu za baba zikoje, na jibu la swali lako kubwa limelala hapo. Tafuteni karatasi ya kipimo cha eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, alichofanyiwa wakati wa kiharusi. Kama imepotea, kirudiwe. Ikiwa valvu zake ni nzuri na moyo tatizo lake ni mapigo tu, mimi naegemea kwa daktari wa utumbo: siku tano, bila sindano, kwa kuwa kiharusi chake kina miaka miwili. Ikiwa mitrali imebana au ni ya chuma, daktari wa moyo ndiye mwenye haki. Na inawezekana yeye ameiona eko hiyo na wa utumbo hajaiona. Mpelekeeni.

Kwa mfano tuseme anakatwa Alhamisi. Kidonge cha mwisho cha warfarini anameza Ijumaa ya wiki inayotangulia. Jumamosi hadi Jumatano hamezi. Jumatano INR inapimwa, na majibu yamfikie anayekata, yasibaki kwenye bahasha ya mzee. Ikiwa iko chini ya 1.5, kazi inaendelea. Ikiwa bado iko juu, daktari ataamua kumpa vitamini K kidogo au kuahirisha. Tafadhali msijaribu kuishusha wenyewe kwa masufuria ya mchicha na kisamvu. Kweli mboga hizo zina vitamini K nyingi, lakini hakuna anayejua sahani ya leo itashusha kiasi gani, na baadaye mtahangaika wiki nzima kuipandisha. Ale mboga kama alivyozoea. Kama ni mtu wa sindano, kwa kawaida zinaanza Jumatatu na ya mwisho ni Jumatano asubuhi, ili saa 24 zipite kabla ya kukatwa.

Alhamisi jioni, kazi ikiwa imeenda salama na aliyekata ameridhia, anameza warfarini yake dozi ileile ya kawaida. Watu wengi hushtuka hapa: jioni ileile, na kidonda kibichi? Ndiyo. Kumbuka dawa hii inachelewa kwenda kama inavyochelewa kuja. Kidonge cha Alhamisi hakitafanya kazi ya maana mpaka siku kadhaa zipite. INR ipimwe tena baada ya wiki moja. Ila ona jambo moja: wakati INR inarudi 2 na zaidi ndio wakati kigaga kinajiandaa kudondoka. Kwa mtu wa warfarini siku ya kukatwa siyo siku ninayoiogopa zaidi. Naogopa wiki mbili zinazofuata, wakati kila mtu nyumbani ameshasahau.

Tabora na Mwanza si jirani, kwa hiyo zile wiki mbili zipangeni kabla. Kama kuna ndugu Mwanza, alale kwake usiku wa kwanza au wa pili. Mkirudi nyumbani, asisafiri kwenda shamba la mbali wala msibani kijijini ambako gari linapatikana mara moja kwa siku. Asibebe mizigo mizito. Abaki na karatasi inayosema amekatwa nini, lini, na anatumia dawa gani.

Akitoka matone machache ya damu kwenye karatasi ya chooni siku ya kwanza na ya pili, msikimbie. Lakini akitoa damu tupu au mabonge ya damu, akirudia choo cha damu mara ya pili na ya tatu, akisikia kizunguzungu akisimama, moyo ukienda mbio, jasho baridi likimtoka, au tumbo likimuuma sana na kuwa gumu pamoja na homa, aende hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Msianze safari ya Mwanza na mtu anayevuja damu. Aanzie hospitali ya rufaa ya mkoa, Kitete, awekewe dripu, apimwe wingi wa damu na INR, kisha wao wawasiliane na Mwanza. Na kwa kipindi chote ambacho INR iko chini, mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakianza kukwama, hiyo ni dharura ya kiharusi, msingoje kuona kama itapita.

Kuna dawa za dukani zinazoharibu mpango mzuri kabisa. Diklofenaki na ibuprofeni kwa ajili ya mgongo, asiziguse. Flagyl na Septrin, ambazo watu wetu hununua kila tumbo likisokota, hupandisha INR kwa kasi, na ndizo hasa mtu atashawishiwa kuzinunua akisikia tumbo limevurugika baada ya kipimo. Kwa maumivu, parasetamoli kwa kiasi. Kama anameza vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma, aviache wiki moja kabla, maana vinafanya choo kiwe cheusi na kunata, na kamera haioni vizuri.

Aspirini ni habari nyingine. Yenyewe peke yake haituzuii kukata, na mtu aliyewekewa kijibomba kwenye mshipa wa moyo haruhusiwi kuiacha kiholela. Swali langu ni kwa nini baba anaimeza pamoja na warfarini. Ikiwa hana kijibomba wala hajapata shambulio la moyo karibuni, mara nyingi aspirini juu ya warfarini inaongeza kutokwa na damu bila kuongeza kinga ya maana dhidi ya kiharusi. Huenda ilianzishwa siku za kwanza na hakuna aliyekumbuka kuisimamisha, jambo ninaloliona kila mara. Msiisimamishe wenyewe. Muulizeni daktari wa moyo ana sababu gani ya kuiendeleza, na huenda damu ya chooni ikapungua kwa jibu hilo tu.

Kwa wasomaji wengine mnaotumia dawa nyingine za kuzuia kuganda, yaani rivaroksabani, apiksabani au dabigatrani: msichukue siku tano hizi mkazifanya zenu. Dawa zenu zinatoka mwilini haraka, kwa kawaida dozi ya mwisho ni siku tatu kabla ya kukatwa, hazihitaji sindano, na figo zikiwa dhaifu dabigatrani inahitaji muda mrefu zaidi. Na mkishaanza tena zinashika ndani ya saa chache, ndiyo maana kwenu tunasubiri siku mbili au tatu kabla ya kurudisha. Pimeni figo kwanza.

Limebaki neno la mzee mwenyewe, kwamba viachwe. Lina haki ya kusikilizwa, kwa sababu vinyama vingi havigeuki kuwa saratani, na vinavyogeuka huchukua miaka, mara nyingi kumi au zaidi. Angekuwa na vile viwili vidogo tu, na moyo unaomchosha kufika chooni, ningekaa upande wake. Lakini kimoja kimepita milimita 10, na hicho ndicho kiwango tunachoanza kukiangalia kwa jicho kali. Tena tayari anatokwa na damu, na huenda inatoka hapo. Warfarini haitoboi utumbo, inafichua kinachovuja. Kukiacha ni kukubali kwamba kila INR itakapopanda, damu itarudi, na siku moja mtu ataiacha warfarini kwa sababu hiyo. Mwambieni hivyo, halafu aamue yeye, akili yake ni timamu.

Kikitoka, hakikisheni kimepelekwa maabara na majibu mmeyafuata. Ikiwa ni adenoma, yaani kinyama cha aina inayoweza kugeuka saratani, kamera nyingine huwa baada ya miaka mitatu. Na jibu hilo linakuhusu wewe na ndugu zako pia: mtoto wa mtu aliyekutwa na adenoma ya ukubwa huo anashauriwa kupimwa utumbo mpana akifika miaka 40, hata kama hana dalili yoyote.